Duara la Leif

Siku Leif Amundrud alipofariki, ng'ombe walikamuliwa saa kumi na moja jioni kama kawaida. Watu wengi waliokuja baadaye kutoa pole hawakulijua hilo, na mdogo wake, Marit, hakuwaambia.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili. Leif alipanda na trekta kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba kwenda kuvuta gogo la mwaloni lililoangushwa na upepo. Theluji ilikuwa imeyeyuka kidogo mchana, kisha ikaganda tena. Trekta likapinduka. Baba yao, Odell, ndiye aliyemkuta. Aliteremka kilima kile na nyonga yake mbovu, bila fimbo, huku akiita jina la mke wake.

Marit aliposhuka kwenye basi la shule alikuta gari la polisi na gari la wagonjwa uani. Taa zilikuwa zinazunguka lakini hakukuwa na king'ora. Mama yake, Lorna, alikuwa amesimama barazani, amevaa koti la kazi la Leif. Alimshika Marit mikono, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja, kana kwamba anahakikisha vyote vimerudi kutoka shule. Ndipo ng'ombe wakaanza kulia.

Walikuwa hamsini na wanne, viwele vimejaa, na ng'ombe hajui msiba. Alilia wa kwanza, akafuata wa pili, kisha banda zima. Odell aliinuka aende, nyonga ikamgomea. Marit akavaa buti za mpira juu ya soksi za shule, akaingia. Alifuta chuchu, akafunga mashine, akasubiri, akafungua, akahamia kwa mwingine. Kupitia dirisha la banda aliwaona wanaume wanne wakipanda kilima na machela. Akawaona pia wakishuka. Wakati huo alikuwa kwa ng'ombe wa thelathini na moja. Hakuacha kazi, kwa sababu walikuwa wamebaki ishirini na watatu.

*

Leif alikuwa na miaka ishirini na minne, Marit kumi na minane, na kati yao palikuwa na makubaliano.

Katika bonde lile, kila nyumba yenye ng'ombe na watoto zaidi ya mmoja hufika siku ya kuulizana nani atabaki. Nyumba nyingine huulizana kwa ugomvi, nyingine huacha swali lioze lenyewe. Kwa Amundrud, Leif alilimaliza mwenyewe miaka miwili kabla, wakiwa wanasomba samadi.

"Sikiliza, we kinda," alisema. "Mimi napenda kunuka hivi. Wewe hupendi. Sasa ugomvi uko wapi hapo?"

"Na Baba je?"

"Baba anataka Amundrud mmoja bandani. Sijamsikia akisema anataka wawili."

"Na ukioa mke asiyetaka ng'ombe?"

"Nani atakubali kuolewa na harufu hii? Nenda kapande nguzo zako. Siku umeme ukikatika huku nitakupigia, na utakuja bure."

Marit alitaka kuwa fundi wa nyaya kubwa za umeme, wale wanaopanda nguzo baada ya dhoruba wakati wenzao wamejifungia ndani. Chuo kilichofundisha kazi hiyo kilikuwa ng'ambo ya mto mkubwa, katika jimbo la Minnesota, mwendo wa saa tatu kwa gari. Barua ya kumkubali ilifika mwezi wa kwanza. Leif aliibandika kwenye mlango wa friji ya dawa za mifugo, chini yake akaandika kwa kalamu nene: ASIGUSE MTU. Marit alitakiwa kuthibitisha nafasi yake kabla ya tarehe mosi Mei kupita.

Sasa aliyekubali kubaki ndiye aliyekuwa makaburini nyuma ya kanisa, na aliyekubaliwa kuondoka ndiye aliyekuwa bandani.

*

Desturi ya bonde lile ni kwamba kifo kikiingia nyumba yenye ng'ombe, wafiwa hawakamui tena mpaka mazishi yapite. Hawaombi msaada, na hawaulizwi kama wanautaka. Kesho yake alfajiri, Marit alikuta taa za banda zimeshawashwa. Jirani yao Arlo Kjos alikuwa ameandika majina ya watu kwenye kalenda ya ukutani, kila mtu na zamu yake. Arlo alikuwa na miaka sitini na minane. Aliuza ng'ombe wake miaka mitatu nyuma, na tangu hapo mikono yake ilikuwa haijui pa kwenda. Jikoni nako yalimiminika masinia ya viazi na nyama ya kusaga yenye jibini juu, kila sinia na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, ili lirudishwe.

Baada ya mazishi majina kwenye kalenda yalipungua, kama ilivyo haki. Watu wana mifugo yao. Wiki ya tatu alibaki Arlo peke yake. Alikuja alfajiri siku zote za shule ili Marit awahi basi. Jioni ilikuwa ya Marit.

Katika chumba cha maziwa palikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Lilikuwa duara la bati, pana kama sinia la wali wa watu sita, pembezoni limeandikwa siku zote za mwaka. Kila ng'ombe alikuwa na pini yake juu ya duara. Pini nyeupe ni ng'ombe aliyezaa karibuni, nyekundu ni aliyepandikizwa mbegu, kijani ni mwenye mimba. Leif alikuwa akilizungusha kila asubuhi, kidogo kidogo, na kwa kulitazama tu alijua nani atazaa lini, nani akaushwe maziwa kabla ya kuzaa, nani asubiriwe. Kazi ya kupandikiza mbegu aliifanya mwenyewe. Tangu Jumanne ile, duara lilikuwa limesimama kwenye tarehe kumi na moja ya mwezi wa pili.

Jioni moja mwanzoni mwa Machi, ng'ombe aliyeitwa Verna alisimama kimya katikati ya zizi huku mwenzake akimpanda mgongoni. Leif alikuwa amempa Verna jina la mpiga kinanda wa kanisani, ambaye hakuwahi kuambiwa. Marit alijua anachokiona. Verna alikuwa kwenye joto, tayari kushika mimba. Ilipasa amwambie baba yake, na kesho yake aitwe mtu wa kuja kupandikiza.

Mezani alifungua kinywa. Baba yake alikuwa anatazama sahani, kijiko mkononi, na kijiko hakikuwa na kitu. Marit akafumba kinywa.

Usiingie kichwani mwa mtu aliyenaswa ukidhani utakuta ubaya. Utakuta hesabu. Ng'ombe asiyepandikizwa hazai, na asiyezaa hukauka maziwa. Kama Verna asingepandikizwa, na wa pili, na wa kumi, basi majira ya baridi yajayo maziwa yangepungua yenyewe, na banda lingenyamaza lenyewe. Odell angemwita mtu wa mnada kwa mdomo wake mwenyewe. Hakuna binti ambaye angelazimika kusimama mbele ya baba aliyezika mwana na kumwambia: mimi sikitaki ulichobakiwa nacho.

Tangu jioni hiyo Marit aliona na kunyamaza. Aliona wa pili, wa tano, wa tisa. Hakusema uongo hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

*

Shuleni, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa na ramani ya nchi nzima ukutani. Kila mmoja alibandika picha yake pembeni na kuvuta uzi mpaka mahali anapokwenda. Picha ya Marit haikuwa na uzi.

"Amundrud, uzi wako umeliwa na ng'ombe?" aliuliza Dawson, ambaye kabati lake lilikuwa jirani na la Marit. Kisha akakumbuka, uso ukamwiva. "Samahani. Sikuwa na maana hiyo."

"Najua."

"Wangu umefika hapo tu, kwa mjomba, kwenye kiwanda cha milango. Nusu inchi. Wa kwako hata ukivutwa mpaka chooni utanishinda."

Marit alicheka.

Mshauri wa wanafunzi, Bi. Wachowiak, alimwita ofisini katikati ya Aprili. Alikuwa na fomu yenye visanduku: chuo cha miaka minne, chuo cha miaka miwili, ufundi, jeshi, kazi, bado.

"Umeweka alama kwenye 'bado'," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini umekubaliwa kule kwenye nguzo. Msichana pekee kutoka kaunti hii."

"Kule ni saa tatu kwa gari. Siwezi kurudi kabla ya saa kumi na moja."

"Basi chuo cha hapa mjini. Unalala nyumbani."

"Wanafundisha nguzo?"

"Hapana. Uuguzi, uhasibu, na..." Aliangalia karatasi. "Kilimo."

Wakatazamana, wakacheka kidogo wote wawili.

"Jeshi?"

"Jeshini wanatoa ruhusa ya saa kumi na moja jioni?"

"Uahirishe mwaka mmoja?"

"Mjomba wangu aliahirisha mwaka mmoja, mwalimu. Ilikuwa mwaka themanini na saba, na bado hajaenda."

Bi. Wachowiak akaweka kalamu chini. "Mwanangu, kila ninachokutajia unakipima kwa hiyo saa kumi na moja. Baba yako kasema ubaki?"

"Hajasema kitu."

"Na mama?"

"Anafua nguo za Leif. Zilishakuwa safi tangu Februari."

Bi. Wachowiak aliirudisha fomu kwenye jalada. Mwishowe alisema kwamba tarehe mosi Mei haitasogea hata akiomba yeye, na Marit akasema anajua.

*

Jumatatu ya Pasaka, shule ikiwa imefungwa, alikuja daktari wa mifugo, Dkt. Pavlik, kupima mimba. Marit aliingojea siku hiyo kwa wiki kadhaa. Alijua daktari atawakuta watupu, mmoja baada ya mwingine, na watu wazima watatazamana na kusema: tumesahau, katika huzuni ile tumesahau. Lingekuwa kosa la wote, yaani si la mtu.

Alishika ubao wa kuandikia. Odell aliegemea chuma cha zizi. Arlo alisimama mlangoni, mikono ndani ya ovaroli. Dkt. Pavlik, mwanamke mfupi mwenye glavu mpaka begani, aliingiza mkono kwa Verna, akatazama juu kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Ana mimba," alisema. "Siku arobaini na tano hivi, zaidi kidogo. Anayefuata."

Marit hakuandika.

"Andika, binti."

"Haiwezekani, daktari."

"Mimi nimeingiza mkono. Wewe umeingiza nini?"

Odell akainua kichwa. Daktari akahamia kwa wa pili. Ana mimba. Wa tatu, hana. Wa nne, ana mimba. Mlangoni Arlo alianza kucheka, kicheko cha mzee aliyeficha zawadi muda mrefu mno, akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa kifuani.

"Kumi na tisa, Odell," alisema. "Kama sikosei, kumi na tisa wameshika. Nilitumia mirija ya mbegu za dume aliyoinunua Leif mwenyewe, iliyobaki kwenye mtungi wa baridi. Yule dume aliyekuwa anamsifu mpaka tukachoka. Kila asubuhi nikimwona aliye kwenye joto, namalizana naye kabla hujashuka na fimbo yako."

"Duara halioneshi kitu," alisema Odell.

"Duara sikuligusa. Lile ni lake. Nikaona niandike pembeni."

Odell hakuwa amelia. Hakulia kilimani, wala kanisani, wala makaburini. Sasa alimshika Arlo mkanda wa ovaroli kwa ngumi, kwa kuwa wanaume wa kule hawajui kukumbatiana, akalia akiwa ameinamisha kichwa.

"Ndama wa Leif," alisema. "Arlo, hawa ni ndama wa Leif."

Arlo alimkonyeza Marit juu ya bega la baba yake, macho yamejaa maji. "Sikukwambia, binti. Niliogopa kukuharibia furaha."

"Umefanya vizuri, Mzee Arlo," alisema Marit. Akashika kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri, namba baada ya namba, mpaka wakatimia kumi na tisa. Wa kwanza angezaa mwishoni mwa Novemba, wa mwisho mwishoni mwa Desemba, katika baridi kali kuliko zote, kwenye zizi ambalo mtu wake wa kuzalisha hayupo.

*

Alimwambia mama yake kwanza. Lorna alikuwa anamenya viazi, naye hakuacha kumenya.

"Mama, mimi niliwaona. Tangu Verna. Niliwaona wakiwa kwenye joto, nikanyamaza makusudi."

"Verna, wiki ya kwanza ya Machi," alisema Lorna. "Nilimwona kwa dirisha hili."

"Ulimwona?"

"Nimeolewa humu miaka ishirini na saba. Nitashindwa kumjua ng'ombe aliye kwenye joto?"

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Ganda la kiazi lilirefuka mpaka likakatika. "Sikutaka wafe," alisema Lorna. "Nilitaka wakome tu. Nisikie asubuhi moja bila ile mashine, nijue ni nani hayupo. Sasa mashine inaunguruma, nami kila asubuhi nadhani ni yeye." Alifuta mikono. "Mwambie baba yako kabla ya mosi."

"Tumwambie wote."

"Hapana. Mimi nikimwambia, nimemwambia mume wangu kwamba nimechoka, na hilo analijua. Wewe una mahali pa kwenda. Sema la kwako."

Alilisema jioni ya tarehe thelathini Aprili, wakikamua. Odell alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mguu mbovu umenyooshwa, akimsikiliza bila kumkatiza. Marit alieleza yote: barua, makubaliano na Leif, Verna, wale tisa, hesabu yake ya kukausha banda. Mashine zilipiga, tiki-taka, tiki-taka.

"Kwa hiyo ulitaka waondoke bila mtu kusema neno."

"Ndiyo, Baba."

"Leif aliniambia juu ya hayo makubaliano yenu. Nilifurahi. Nilidhani nimepata watoto wenye akili kuliko mimi." Akajikuna shavu. "Mimi sijakushika, Marit. Nenda."

Alilisema kwa upole, na alilimaanisha. Hapo ndipo Marit alipoliona banda lilivyo. Angekuwa ameshikwa, angejua ajinasue mkono upi. Hakuna aliyemshika, na miguu haikuondoka.

"Nani atawazalisha?" aliuliza.

"Arlo yupo."

"Mzee Arlo ana betri ya moyo kifuani. Ndama akigeuka tumboni, Arlo atamvuta?"

"Nitatafuta mtu."

"Nani?"

Katika bonde lile kijana wa kuajiriwa alikuwa hapatikani, na wote wawili walijua majina ya waliojaribu.

"Na nyonga je? Si umepangiwa kupasuliwa Septemba?"

"Nitaahirisha."

"Umeshaahirisha mara mbili, Baba. Daktari alisema ya tatu utaingia kwenye kiti cha magurudumu."

"Daktari anapenda kutisha watu."

"Tuwauze," alisema Marit. Ndilo neno alilolikwepa tangu Machi, na lilipotoka halikuwa zito kama alivyodhani.

Odell aliwatazama ng'ombe, mgongo baada ya mgongo, mpaka mwisho wa banda. Mdomo wake ulifunguka. Marit aliona kwamba anajaribu, kwa kweli, kama mtu anayejaribu kuinua kitu kwa ajili ya mwanawe.

"Baada ya ndama," alisema. "Niwaone ndama wake tu, mama. Halafu tuwauze. Nakuomba."

Hakuwahi kumwomba kitu. Alizoea kuamuru, au kufanya mwenyewe. Verna alikuwa amemaliza, mashine inavuta hewa tupu. Marit akaenda kuifungua.

"Sawa, Baba," alisema.

Tarehe mosi Mei, wakati wa mapumziko ya asubuhi, alipiga simu chuoni kuiachia nafasi yake, akiwa nje ya bwalo la shule. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti nzuri. Alimweleza kwamba nafasi haziwekwi. Atalazimika kuomba upya kama mtu mwingine yeyote. Aliuliza mara mbili kama Marit ana uhakika. Kulikuwa na watu arobaini kwenye orodha ya kusubiri, alisema, na nafasi ya Marit ingepata mtu kabla ya chakula cha mchana.

Maombi mapya yanafunguliwa tarehe mosi Septemba. Odell anapasuliwa tarehe kumi na sita mwezi huohuo, na hataruhusiwa kuinama kwa wiki kumi na mbili. Ng'ombe wa kwanza atazaa tarehe ishirini na tisa Novemba.